Vidonge vya Majira: Mbinu za Kuvitumia Visikuangushe

Kati ya wanawake 1,000 wanaomeza vidonge vya majira kila siku bila kukosea, watatu hivi hupata mimba katika mwaka wa kwanza. Chukua sasa wanawake wa kawaida, wenye kusahau, kuchelewa na kuishiwa na pakiti. Hapo idadi hupanda hadi 70 hivi kwa kila 1,000. Dawa ni ile ile. Kinachobadilika ni mazoea ya mtumiaji, na mazoea unaweza kuyapanga. Haya ndiyo ya kufanya, hatua kwa hatua.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Pima presha. Inachukua dakika tano, na zahanati nyingi zina kipimo. Ikisoma 140/90 au zaidi, vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, kwa kawaida havikufai. Usikate tamaa, zipo njia nyingine. Vipimo vya damu au uchunguzi wa ndani ya uke si lazima ili uanze. Presha ndiyo usiikwepe.

Sema yote kwa nesi. Mwambie kama unavuta sigara na umefikisha miaka 35. Mwambie kama umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, kupata kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya matiti au ugonjwa mkubwa wa ini. Taja selimundu na kisukari pia. Kama una kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi upande mmoja, kitaje kwa jina. Hali hizi nyingi hukuondoa kwenye vidonge vya homoni mbili, na nesi hawezi kuziona kwa kukutazama usoni.

Toa dawa zako mezani. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya vidonge. Baadhi ya dawa za kifafa, kama kabamazepini, fenitoini na fenobabitali, hufanya hivyo hivyo. Ukiwa kwenye ARV, taja jina la dawa yako, maana nyingine zina mwingiliano na nyingine hazina shida. Amoksilini ya kikohozi haina neno.

Kama unanyonyesha, omba vidonge vya homoni moja. Vina projestini peke yake na havipunguzi maziwa. Vile vya homoni mbili subiri hadi mtoto atimize miezi sita. Kama hunyonyeshi, usivianze kabla ya wiki tatu tangu kujifungua, na muulize mhudumu kama hali yako inakutaka usubiri wiki sita.

Chukua pakiti za kutosha. Vituo vya serikali Tanzania hutoa vidonge hivi bure. Usiondoke na pakiti moja kama wanaweza kukupa zaidi. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mwanamke apewe hata za mwaka mzima. Ukinunua duka la dawa muhimu, soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa na hakikisha karatasi ya nyuma haijatoboka.

Ijue pakiti yako

Hesabu vidonge na utazame rangi. Pakiti nyingi za homoni mbili zina 28. Vidonge 21 vina dawa na saba vya kahawia ni madini ya chuma tu. Hedhi huja ukiwa kwenye hivyo vya kahawia. Fuata mishale iliyochorwa. Pakiti za vidonge 21 hazina vya kahawia, kwa hiyo unapumzika siku saba kamili, kisha unaanza mpya siku ya nane hata kama damu bado inatoka.

Za homoni moja ni habari nyingine. Pakiti huwa na 28 au 35 na vyote vina dawa. Hakuna siku ya kupumzika. Ukimaliza leo, kesho unafungua mpya.

Soma karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi. Wanawake waliipigania. Vidonge vya kwanza, Enovid, viliidhinishwa Marekani kwa uzazi wa mpango mwaka 1960, na watumiaji hawakuelezwa vya kutosha kuhusu hatari ya damu kuganda. Mwaka 1970 Seneti ya Marekani ilifanya vikao juu ya usalama wake, na wanawake wakasimama ukumbini kupinga kwamba mtumiaji hata mmoja hakuitwa kutoa ushahidi. Karatasi ya maelezo ilizaliwa na vurugu hizo. Usiitupe na boksi. Ikunje uiweke pamoja na pakiti.

Anza siku sahihi

Siku rahisi ni ndani ya siku tano za kwanza za hedhi. Ukianza hapo unakingwa papo hapo. Hakuna haja ya kondomu kwa ajili ya mimba.

Huna haja ya kusubiri mwezi ujao. Unaweza kuanza siku yoyote ikiwa una hakika huna mimba. Ila tumia kondomu au jizuie kwa siku saba zinazofuata. Kwa vidonge vya homoni moja, siku mbili zinatosha.

Mimba ikiharibika, anza mapema. Mwili unaweza kupevusha yai ndani ya wiki chache. Omba vidonge siku hiyo hiyo unapohudumiwa, au ndani ya siku saba.

Weka saa, kisha uilinde

Kifunge kidonge kwenye jambo unalofanya kila siku. Kupiga mswaki usiku ni pazuri. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ni pazuri zaidi, maana nyumba nzima inakukumbusha bila kujua. Weka na kengele ya simu, iite kila siku, Jumapili ikiwemo.

Chagua usiku kama tumbo lako ni jepesi. Ukimeza baada ya chakula na kulala, kichefuchefu kinakupita ukiwa usingizini.

Jua kwa nini saa ni muhimu. Enovid ya mwaka 1960 ilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni kwenye kila kidonge. Microgynon iliyoko kliniki leo ina 30. Dozi ilipunguzwa ili hatari ya damu kuganda na kero nyingine zipungue, na hilo ni jema kwako. Ila dozi ndogo haikuachii nafasi kubwa ya kusahau.

Wa homoni moja, kuwa mkali zaidi. Kwa aina za kawaida, kama Microlut, ukichelewa zaidi ya saa tatu hesabu umesahau. Meza mara unapokumbuka, endelea na saa yako, na tumia kondomu siku mbili.

Ukisahau

Hapa tunazungumzia vidonge vya homoni mbili. Piga picha sehemu hii uitunze kwenye simu.

Umesahau kimoja. Kimeze mara unapokumbuka. Cha leo kimeze kwa saa yake, hata ikiwa ni viwili siku moja. Basi. Huhitaji kondomu.

Umesahau viwili au zaidi. Meza kimoja sasa hivi, kile cha mwisho ulichosahau. Vya nyuma yake viache. Endelea kila siku kwa saa yako, na tumia kondomu hadi umeze vyenye dawa siku saba mfululizo.

Imetokea wiki ya kwanza ya pakiti, na ulikutana na mwenzi wako ndani ya siku tano zilizopita? Tafuta vidonge vya dharura leo. Maelezo yako chini.

Imetokea wiki ya tatu? Maliza vyenye dawa, tupa vile saba vya kahawia, na kesho yake fungua pakiti mpya. Hedhi ya mwezi huo itaruka. Haina madhara.

Umesahau vya kahawia tu? Hakuna kilichoharibika. Vitupe vilivyopita na uendelee.

Kosa baya kuliko yote ni kuchelewa kuanza pakiti mpya. Siku saba bila dawa ndiyo mwisho wa kuvumilika. Zikizidi, yai linaweza kuanza kupevuka. Kwa hiyo pakiti ya akiba iwepo nyumbani kabla hujagusa kidonge cha kahawia cha kwanza. Ukimeza cha kahawia ndipo ukumbuke kwamba huna mpya, tayari uko kwenye hatari.

Ukiumwa, ukisafiri, ukifunga

Ukitapika ndani ya saa tatu au nne tangu umeze, meza kingine kutoka pakiti hiyo hiyo au ya akiba. Kutapika au kuhara kukali kukizidi siku mbili, fuata kanuni ya vidonge viwili vilivyosahaulika.

Safarini, pakiti ikae kwenye mkoba wako wa mkononi. Usiiweke kwenye begi linaloingia buti ya basi. Basi la Mwanza likiharibikia njiani usiku, begi huna na kidonge huna.

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, hamisha saa. Kama unameza usiku, hakuna cha kubadili. Kama unameza asubuhi, anza kumeza wakati wa daku. Kuiwahisha saa ya kawaida ni salama, kuichelewesha ndiko kunakoleta pengo.

Unataka kupita Ramadhani au Hija bila hedhi? Ruka vile saba vya kahawia na uunganishe pakiti mpya. Damu haijazani tumboni, kwa sababu vidonge huufanya ukuta wa mji wa mimba usinenepe. Ongea na mhudumu miezi miwili mitatu kabla, maana matone ya damu hutokea mwanzoni na utataka mwili wako uwe umezoea.

Miezi mitatu ya kwanza

Tegemea usumbufu kidogo. Kichefuchefu, matiti kuuma, kichwa, matone ya damu katikati ya mwezi. Mengi hutulia ndani ya miezi mitatu. Matone hayamaanishi kwamba vidonge havifanyi kazi, kwa hiyo usiache pakiti katikati.

Baada ya hapo, usivumilie kimya. Majaribio makubwa ya vidonge hivi yalifanyika Puerto Rico kuanzia mwaka 1956. Daktari aliyeyasimamia, Edris Rice-Wray, aliripoti kwamba asilimia 17 ya wanawake walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa na tumbo. Wakuu wa utafiti hawakuyachukulia kwa uzito. Ukweli ulikuwa upande wa wale wanawake. Wewe ukisumbuliwa baada ya mwezi wa tatu, rudi kliniki useme. Aina ni nyingi na dozi zinatofautiana. Ukiambiwa "utazoea tu", omba kubadilishiwa.

Andika. Tarehe, dalili, ilidumu muda gani. Mistari miwili kwenye simu inatosha. Nesi akiwa na tarehe mbele yake hukuhudumia haraka kuliko akisikia "najisikia vibaya siku hizi".

Dalili tano za kukimbilia hospitali

Ni nadra, lakini zijue kwa moyo:

- Maumivu makali ya tumbo.
- Maumivu ya kifua au kukosa pumzi.
- Kichwa kikali usichowahi kukipata, au kuumwa kichwa pamoja na udhaifu upande mmoja au ugumu wa kusema.
- Kuona ghafla kunafifia, au kuona vimulimuli.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu.

Ukipata moja, acha vidonge na uende siku hiyo hiyo. Mwambie daktari mapema kwamba unatumia vidonge vya majira. Vivyo hivyo ukipangiwa upasuaji utakaokulaza kitandani muda mrefu, au mguu ukifungwa plasta.

P2 ni ya dharura, iache iwe ya dharura

Ukiihitaji, wahi. P2, yaani vidonge vya dharura, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72 tangu mlipokutana. Inaweza kusaidia hadi siku ya tano, ila kila saa inayopita inakupunguzia nafasi. Kama ni vidonge viwili vya miligramu 0.75, unaweza kuvimeza vyote kwa pamoja.

Baada yake, rudi kwenye ratiba. Endelea na vidonge vyako vya kila siku au anza pakiti mpya siku hiyo au kesho yake. Kondomu kwa siku saba. Hedhi isipotokea ndani ya wiki tatu, pima mimba.

Ukijikuta unainunua kila mwezi, badili mpango. P2 ina nguvu ndogo kuliko njia ya kila siku na itakuvuruga hedhi. Hata mfuko utalalamika.

Maneno ya mtaani, na cha kuyajibu

"Vinarundikana tumboni vikawa uvimbe." Kidonge huyeyuka na kumeng'enywa kama dawa yoyote ya kumeza. Hakuna kinachobaki.

"Utakuwa mgumba." Uwezo wa kushika mimba hurudi haraka ukiacha. Wapo wanaoshika mwezi huo huo. Ndiyo maana kusahau ni hatari.

"Uvipumzishe kila mwaka." Mwili hauhitaji likizo hiyo. Mimba nyingi zisizopangwa huingia kwenye likizo za aina hiyo.

"Vinaleta saratani." Jibu lina pande mbili, kwa hiyo likumbuke lote. Vidonge hupunguza uwezekano wa saratani ya ovari na ya ukuta wa mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu miaka mingi baada ya kuacha. Uwezekano wa saratani ya matiti hupanda kidogo unapovitumia, kisha hushuka ukiacha. Ule wa shingo ya kizazi nao hupanda kidogo ukitumia miaka mingi. Cha kufanya: ukifikisha miaka 30 nenda ukapimwe shingo ya kizazi, na jikague matiti.

"Ukivimeza huhitaji kondomu." Kwa mimba, sawa. Kwa VVU, kaswende na kisonono, vidonge havikingi hata kidogo. Kama hujui hali ya mwenzi wako, tumia vyote viwili.

Na usisahau faida zisizosemwa mtaani. Hedhi nyingi hupungua, maumivu ya tumbo hupoa, na upungufu wa damu unaotokana na hedhi nzito hupata nafuu. Wapo wanaovitumia kwa ajili hiyo tu. Enovid yenyewe ilianza hivyo: mwaka 1957 iliidhinishwa kwa matatizo ya hedhi, miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kwa uzazi wa mpango.

Kuvitunza

Mbali na joto, unyevu na watoto. Juu ya friji si pazuri, bafuni si pazuri. Droo ya chumbani yenye kufunga inafaa. Kuwa mwangalifu na vile vya kahawia: madini ya chuma yakiliwa kwa wingi na mtoto mdogo ni sumu. Mtoto akimeza, nenda hospitali na pakiti mkononi.

Usiazimane. Pakiti ya shoga yako inaweza kuwa ya homoni moja na yako ya mbili. Presha zenu nazo hazifanani.

Ukitaka kuacha

Unataka mtoto? Acha wakati wowote. Ni vizuri umalize pakiti ili hedhi isivurugike. Anza foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, hata kabla ya kushika mimba.

Umechoka kukumbuka kila siku? Hilo si aibu, na ni sababu nzuri ya kuhama. Sindano ni ya miezi mitatu, kipandikizi hukaa miaka mitatu hadi mitano, na kitanzi cha shaba hufanya kazi miaka 10 au zaidi. Anza njia mpya kabla hujaacha ya zamani, ukielekezwa na mhudumu, ili pasiwe na siku ya wazi katikati.

Ukihisi una mimba, pima. Ikiwa ipo, acha vidonge na uanze kliniki. Vile ulivyokwisha kumeza havimdhuru mtoto.

Wiki hii fanya mambo manne: kapime presha, weka kengele ya usiku, tafuta pakiti ya akiba, na tia kondomu chache kwenye droo. Mengine utayazoea ndani ya mwezi mmoja. Likikushinda lolote, rudi kwa nesi na uulize tena na tena mpaka uelewe, maana mwili ni wako na jibu ni haki yako.